Siku Tuliyokatazwa Kuanika

Siku watu wa ofisi ya jiji walipokuja kukagua uwanja wetu, tulikatazwa kuanika. Mwenyekiti wa mtaa alipita mlango kwa mlango jioni ya kabla yake, mikono nyuma, akisema hataki kuona kamba, hataki kuona beseni, hataki kuona hata soksi. Kwetu alisimama kidogo zaidi kuliko kwa wengine, kwa sababu kamba karibu zote za uwanjani ni zetu.

"Dada yangu," alimwambia Shangazi, "kesho tunatazamwa. Tusitiane aibu."

Shangazi alikubali. Angekataaje, na Mwenyekiti ndiye aliyezunguka juani na viatu vyake vilivyochoka mpaka ofisi ya jiji ikakubali kutuma mtu? Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, pale ninapokaa kila mgeni akija, nakunja nguo. Nilikuwa na neno. Lakini neno langu huwa linapanda mpaka kooni, linaangalia nje, linarudi. Kinyozi wa pembeni mwa uwanja ananiita Spika kwa ajili hiyo hiyo. Anasema siku nitakapofungua mdomo mtaa mzima utaziba masikio.

Neno lenyewe lilikuwa mashuka.

Mimi na Shangazi, ambaye ni dada yake marehemu baba, tunafua mashuka ya gesti ya barabara ya pili. Asubuhi nachukua furushi kichwani, jioni nalirudisha, makavu na yamenyooka. Ndiyo kazi inayotuweka mjini, hatuna nyingine. Mwenye gesti ni mama mmoja mtaratibu, hagombi. Anachukua shuka la juu, analiweka puani, anavuta pumzi. Akiridhika analirudisha mahali pake. Asiporidhika anakuangalia tu, nawe utajua la kufanya. Wiki ile alikuwa ameniangalia mara mbili. Mara ya pili akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za nyumbani, kwamba yakirudi tena na unyevu atanunua mashine afulie ndani. Wala hatatusema vibaya kwa watu. Ila ndiyo basi.

Unyevu ulikuja na ghorofa. Zamani uwanja ulikuwa na jua kutwa, unaanika ukilala, unaanua ukiamka. Ghorofa liliposimama upande wa pili likala asubuhi yote. Chini ya ukuta wake jua halifiki tena, pamekuwa kama ndani ya mtungi. Limebaki jua la katikati tu, linaloingia asubuhi ikishakomaa na kuondoka watoto wa shule wanapoanza kurudi. Hilo lingetutosha, sisi si walafi. Lakini waliojenga walikumbuka lifti, wakakumbuka vioo, wakasahau kwamba anayepanda lifti huwa ameshuka kwenye gari. Likaja gari la kwanza, likakaa mlangoni kwa adabu kama mkwe. La pili likasogea ndani. Baada ya hapo yakawa yanaingia bila hodi, na yote yanapenda katikati, kwa kuwa pembeni kuna bomba, na pipa la taka, na kiti cha Kinyozi chini ya bati lake, na matofali ya goli la watoto.

Akina mama walijaribu kwa njia tunayoijua. Bombani kwetu maji huja yanapotaka, hivyo watu hupanga ndoo halafu wanarudi kwenye shughuli zao. Ndoo ikishapangwa ni mtu. Unaweza kumtukana jirani, unaweza kumnyima chumvi, lakini ndoo yake huigusi. Hata Kinyozi, ambaye hana kitu asichokitania, hatanii ndoo. Basi wakapanga ndoo katikati ya uwanja, pale jua linapoanguka. Akaja kijana mmoja wa ghorofani na gari lake, akashuka, akaziokota moja moja taratibu, akazichomeka moja ndani ya nyingine, akaziweka ukutani, akapaki. Tena akatabasamu, akidhani ametusaidia kupanga vyombo. Mtaa ulichemka kama vile amebeba watu akawatupa.

Ndipo Mwenyekiti alipoitisha mkutano. Kila mtu alikuja na lake. Wengine walilia na magari, wengine na vumbi la ujenzi, wengine na pipa la taka ambalo gari la kuzoa halilifikii tena. Bibi mmoja alitaka jiji limrudishie jua la asubuhi, akaambiwa hilo halimo katika mamlaka ya mkutano. Mwishowe walikubaliana jambo moja: ofisi ya jiji ilete mtu, aone kwa macho yake, aandike kwamba uwanja ule ni wa wenyeji na si wa kupaki.

Na mtu akaja. Lakini kabla hajaja, tulifanya usafi.

Siwezi kumlaumu Mwenyekiti peke yake, maana sisi sote ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akija unafagia. Ukiwa na kidonda unakifunika. Kulipopambazuka akina mama walikuwa wameshainama na fagio zao uwanja mzima, wakanyunyiza na maji kutuliza vumbi. Kinyozi aliingiza ndani kiti chake, kioo chake na bati lake. Matofali ya goli yalifichwa nyuma ya nyumba. Pipa la taka lilisukumwa hadi uchochoroni, likafunikwa gunia. Watoto walifungiwa ndani, wakaambiwa atakayetoa sauti atajuta. Na wale wa ghorofani je? Mwenyekiti alikwenda mwenyewe akawaomba kwa heshima wayapeleke magari yao kwingine siku hiyo moja, wasituharibie sura. Wakakubali bila neno. Hawakuwa watu wabaya.

Uwanja ulibaki mweupe, hata mimi niliogopa kuukanyaga.

Kwa vile tuliambiwa wageni watafika asubuhi, mimi nilikuwa nimeshafua. Nilidhani watakagua, wataondoka, nami nitaanika jua likiingia. Mashuka yalikuwa chumbani, yamekamuliwa, yamejaa mabeseni yote tuliyonayo na mengine ya kuazima. Chumba chetu ni kimoja. Shangazi alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu ameiinua kama mtu aliyekumbwa na mafuriko. Mimi nilikwenda mlangoni, nikarudi. Nikageuza mashuka ya juu yakawa chini, nikaenda mlangoni tena.

"Hebu kaa," alisema Shangazi. "Unanizungusha kichwa."

Nilikaa. Nikainuka.

Wageni hawakuja. Kinyozi alipita na shati lake la kupigia picha, akasema labda walifika, wakaona pasafi mno, wakadhani wamepotea. Watu walikuwa wamesimama kwenye vizingiti vyao wamevaa nguo za kutokea, hakuna wa kupika, hakuna wa kufua, kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kuchafua. Watoto walikuwa wanachungulia madirishani kama mahabusu. Na wakati huo huo jua likaingia. Liliteremka kwenye ukuta wa ghorofa, likavuka ile sehemu ya baridi, likatua katikati ya uwanja, safi, kali, halina gari hata moja juu yake. Tangu ghorofa limalizike sikuwahi kuona jua lote lile likiwa huru, nami nimekatazwa kulitumia.

Nilimwambia Shangazi kwamba mashuka yameanza kunuka. Aliweka pua kwenye beseni. Alivuta ushungi akajifuta uso, na mimi namjua, hiyo ndiyo hofu yake. Akaniambia niende nimwombe Mwenyekiti. Yeye ameshampa neno lake, hawezi kulirudisha, ila mimi ni mtoto, mtoto hana neno la kuvunja.

Nilikwenda. Mwenyekiti alikuwa amesimama langoni na koti lake, jasho linamtiririka hadi kwenye kola. Nilisimama nyuma yake mpaka akahisi kuna mtu.

"Nini, binti yangu?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lakini umeshaniamkia leo."

Nikarudi nyumbani. Shangazi aliniuliza amesemaje. Nikamwambia amesema marahaba.

Gari la jiji lilifika jua likiwa limeshaanza kuegemea upande. Alishuka Afisa mmoja, mtu mzima, uso wa uchovu, na dereva wake aliyebeba tepu ya kupimia na chaki nyekundu ya kuwekea alama. Afisa alisema alianzia mitaa mingine, tumwie radhi. Akasimama katikati ya uwanja, akazunguka taratibu, akaangalia pande zote.

"Pazuri," alisema. "Pasafi."

Mwenyekiti alichanua. Akasema tunapatunza, mheshimiwa, sisi ni watu wa utaratibu. Afisa akamwuliza kama kuna shughuli zozote zinazofanyika pale. Mwenyekiti akaona anapimwa kwa usafi, akajibu haraka kwamba hakuna, mheshimiwa, hakuna kabisa, hapa hapamwagwi kitu. Afisa akaandika. Kisha akamwita dereva, akamwambia ashike mwanzo wa tepu aende nayo hadi kwenye nyumba zetu, maana eneo liko wazi na magari yataweza kupangwa safu mbili bila kubanana.

Tabasamu la Mwenyekiti lilibaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kambani.

Alianza kueleza. Alisema hapa watoto wanacheza. Afisa akauliza wako wapi. Wamefungiwa ndani. Kinyozi akajitokeza na shati lake, akasema yeye ananyoa watu pale, kwenye ile pembe, miaka nenda miaka rudi. Afisa akaangalia ile pembe, akauliza kiti kiko wapi. Kiko ndani, chini ya meza. Mama mmoja akasema magari ndiyo yanatusumbua, yanajaa hapa kutwa. Afisa akageuka huku na huku kwenye uwanja ule uliofagiwa, akauliza magari yapi.

"Tuliyaomba yaondoke," alisema Mwenyekiti, na sauti ilikuwa ndogo.

"Wazee wangu," alisema Afisa, "mimi naandika ninachokiona."

Hakusema kwa kiburi. Nilikuwa mlangoni, nilimwona, alikuwa mtu mwenye joto na njaa ambaye bado ana mitaa mingine. Dereva aliinama akaweka alama ya kwanza ya chaki chini ya ukuta wa nyumba yetu. Na nyuma yake kivuli cha nyumba zetu kilikuwa kimeanza kutambaa kuelekea katikati. Jua lililobaki lilikuwa kama la mkeka mmoja mkubwa, na lilikuwa linapungua nikiliangalia.

Watu wamesema baadaye kwamba nilitoka ili nimwonyeshe Afisa. Kinyozi amelieleza hivyo kwa kila kichwa alichonyoa. Si kweli. Sikuwa namfikiria Afisa hata kidogo. Nilikuwa naifikiria pua ya mwenye gesti.

Nilichukua kamba chini ya kitanda, nikatoka. Nikafunga upande huu kwenye nguzo, nikavuka uwanja mbele ya watu wote, nikafunga upande ule. Nikarudi, nikaburuta beseni. Nikachukua shuka la kwanza, nikalikung'uta, likalia paa, nikalitupia kambani na kulibana. Nikachukua la pili. Lilipoanguka lilifunika tepu na nusu ya dereva.

"Binti," alisema Afisa, "subiri nimalize."

Sikujibu. Si kwa jeuri, ni kwamba vibanio nilikuwa nimeving'ata mdomoni. Nikaendelea. Nilimsikia Mwenyekiti akivuta pumzi kama anayetaka kunikemea, halafu hakukemea. Nyuma yangu nikasikia beseni jingine linaburutwa mchangani. Alikuwa Shangazi, ushungi ameufunga kiunoni, amevunja neno lake mbele ya aliyempa, hamwangalii mtu. Alifunga kamba ya pili juu ya ile alama ya chaki.

Kinyozi alicheka. Kicheko chake watoto wanakijua, kina maana kwamba mambo yameharibika na sasa kila kitu ni ruhusa. Mlango mmoja ukafunguka, halafu mingine. Watoto walitoka wote kwa pamoja kama kuku wa asubuhi, wakapita chini ya mashuka, mmoja ameshabeba tofali la goli. Kinyozi akaleta kiti chake, akakikita kwenye pembe yake, na kwa kuwa hapakuwa na mteja, akamkalisha dereva wa jiji. Nadhani dereva hakuelewa jinsi alivyokalishwa.

Afisa alibaki upande wa pili wa mashuka. Tuliona viatu vyake vinatafuta njia. Mwishowe aliinua shuka moja kwa mkono ili apite, na mkono ule ulikuwa umeshika chaki. Alipoliachia, vidole vyote vilikuwa pale, vyekundu.

Aliiangalia tepu yake iliyolegea chini. Akawaangalia watoto. Akamwuliza Mwenyekiti, taratibu, kama anayeuliza jambo linalomtatiza kweli.

"Mliniita nije kuona uwanja upi? Ule niliokuta, au huu?"

Mwenyekiti alivua koti.

Afisa alifunga kitabu chake. Alisema hataandika habari ya huu wala ya ule. Atarudi siku ya kawaida, atazame tunavyoishi, na safari hiyo hatatuambia siku. Akamchukua dereva wake, ambaye alikuwa ameshanyolewa upande mmoja, wakaenda.

Mashuka yalikauka. Yalikauka kwa taabu, mapindo nililazimika kuyamalizia kwa pasi ya mkaa, lakini yalikauka. Lile lenye mkono nililifua upya, likatoka jekundu hafifu, nikalifua tena likawa jeupe, ila jua lilikuwa limeshaondoka. Likabaki nyumbani limeloa. Mwenye gesti alichukua shuka la juu, akaweka puani. Alikaa nalo muda. Kisha akapapasa furushi kwa kiganja, akaona kuna moja limepungua, akaniangalia.

Nilikuwa na maelezo mengi. Lililotoka ni hili: "Limeshikwa na afisa wa jiji."

Aliendelea kuniangalia. Halafu akaingia ndani, na mimi nikabaki ukumbini nikisikiliza kama kuna mlio wa mashine. Alirudi na furushi la kesho, hakungoja asubuhi. Nililipokea haraka na kuondoka nalo kabla hajabadili nia.

Ungedhani baada ya hapo tulipumzika. Ndiyo kwanza tulianza kuhangaika. Siku ya kawaida ni ipi? Mwenyekiti, yule yule wa soksi, alipiga marufuku kufagia kupita kiasi. Alisema tuache kila kitu kama kilivyo, kisha akapita akirekebisha: goli lisogee kidogo lionekane, kiti cha Kinyozi kikae na mtu hata kama hanyolewi. Kila gari likipunguza mwendo langoni, Kinyozi anapiga mluzi na watu wanakimbilia kuwa wa kawaida. Mara nyingi lilikuwa gari la wa ghorofani anatafuta pa kuingia. Magari yalikuwa yamerudi yote, na safari hii hakuna aliyetaka kuyafukuza kwa nguvu, maana nayo ni ushahidi. Nilikuwa naanika katikati yake, shuka linapiga kioo, mwenye gari ananung'unika, nami nasogeza kamba. Nikimaliza ya gesti naanika na yetu, hata yaliyo makavu. Usingizi wa Shangazi ulipotea. Alisema tumekuwa kama kuku aliyesikia mwewe: hadonoi, hakimbii.

Kilichonitisha mimi hakikuwa gari. Nilikuwa naangalia mawingu.

Siku ya mvua hatuanikii nje. Tunafunga kamba chumbani juu ya vichwa vyetu, tunafungua dirisha, tunapiga pasi mpaka mkono unakufa ganzi. Watoto hawachezi, Kinyozi anafunga, bombani hakuna mtu kwa kuwa maji yanatoka mbinguni. Siku ya mvua uwanja wetu ni mtupu bila kufagiwa. Nilimweleza Shangazi, akasema afisa gani atajiloanisha kwa ajili yetu. Lakini kila usiku nilisikiliza bati.

Ikanyesha. Manyunyu tu, ya asubuhi, yale ya kuudhi. Mashuka ya gesti yalikuwa yananing'inia chumbani, tunatembea tumeinama. Nilikuwa mlangoni nasubiri mkaa ushike. Gari la jiji likaingia langoni polepole, bila mluzi wowote, kwa sababu Kinyozi alikuwa bado amelala. Nilimwona Afisa ndani yake akifuta kioo kwa mkono na kutazama. Mbele yake kulikuwa na mchanga uliolowa, na magari, na hakuna mtu.

Ya gesti nisingeyagusa hata kwa kisu shingoni. Nilivuta shuka la kitanda chetu, Shangazi akiwa bado nusu juu yake. Nilichukua blanketi langu. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na kingine kirefu, nilivuta pazia, lile ninalokaa nyuma yake, likatoka na misumari yake miwili. Shangazi aliniuliza kama nimepatwa na wazimu. Nilikuwa nimeshatoka.

Nilifunga kamba kutoka nguzo hadi kwenye kioo cha pembeni cha gari la watu. Nikaanika shuka, blanketi, pazia, mvua inanipiga mgongoni. Vilianza kuchuruzika papo hapo. Afisa alishuka na mwavuli, akasogea, akasimama karibu yangu. Alinikumbuka, niliona.

"Binti," alisema, "unaanika mvua?"

Neno likapanda. Likaangalia nje. Sijui kwa nini siku hiyo halikurudi, labda lilikuta hakuna pazia.

"Nashika nafasi," nilisema.

Hakuelewa. Lakini mtaa ulielewa. Yule bibi wa jua la asubuhi alikuwa dirishani kwake, akasikia, akatoka na ndoo, akaiweka katikati ya uwanja, akarudi ndani bila kusalimia. Jirani yake akaleta ya kwake, akaiweka nyuma ya ile. Zikaja nyingine, za bati, za plastiki, ya Kinyozi ya kuoshea vichwa, ikiletwa na Kinyozi mwenyewe, kifua wazi. Zilipangwa mstari mmoja juu ya lile eneo ambalo siku za jua huwa na jua. Mwenyekiti alifika mwisho, mwavuli chini ya kwapa amesahau kuufungua, na beseni lake la kunawia. Hakuna aliyehutubia. Watu waliweka vyombo vyao, wakarudi kusimama vizingitini, tukawa tunasikiliza mvua ikigonga ndani ya ndoo.

Afisa alianza kutembea kuelekea ukutani. Ndoo ya bibi ilikuwa njiani mwake. Aliinua mguu kuisogeza, kama mtu yeyote angefanya, na nadhani alihisi ukimya ulivyokaza, kwa maana mguu ulibaki hewani. Akanigeukia.

"Hii ni ya nani?"

"Ya bibi wa nyumba ile," nilisema. "Ndiye aliye mbele."

Aliutua mguu. Akaizunguka ndoo, akazizunguka na nyingine zote, mpaka chini ya ukuta wa ghorofa kule kusikofika jua, akapima kule. Alipima kule tu. Aliporudi garini suruali ilikuwa imelowa hadi magotini.

Mistari ya rangi nyeupe ilichorwa mwezi uliofuata, chini ya ukuta, safu moja. Mwenyekiti alisomewa uamuzi huo ofisini, naye akatusomea sisi: magari yatakaa kule, katikati ni pa wenyeji. Wa ghorofani wengine walifurahi, gari likikaa kivulini halichomi makalio. Wengine wamekosa nafasi na sasa wanapaki barabarani mbele ya lango, tunapenya kwa ubavu, na gari la taka bado halipiti. Mwenyekiti ameshaanza kuzungumzia mkutano mwingine. Mwenye gesti ananipa furushi kila asubuhi, na kila jioni anavuta pumzi yake, nami kila jioni nasimama pale nimebana yangu.

Pazia lilikauka baada ya siku nyingi, na lilipokauka lilikuwa limenywea. Nimelipigilia mahali pake, lakini halifiki chini tena. Juzi Mwenyekiti alikuja kuzungumza na Shangazi habari ya lango. Niliingia nyuma ya pazia kama kawaida yangu, nikakunja nguo. Nikamsikia ananyamaza katikati ya sentensi.

"Naiona miguu," alisema. "Haya, wewe uliye huko nyuma. Kabla sijaenda kuwaalika tena hao watu wa jiji. Una neno?"

Nje kulikuwa na gari linapunguza mwendo. Niliweka nguo chini.

"Ninalo," nilisema.